Ukakasi

Tangu saa tisa nimesimama mbele ya rafu
katika duka moja karibu na Kibuye,
miwani imeshuka puani, jasho shingoni,
na chupa zinanitazama kama wakwe.

Kijana wa duka, Masakhwe, ananiita mama.
Tamu, au kavu?
Kavu vipi, namuuliza, na imo ndani ya chupa?
Anacheka kwa heshima. Si wa kwanza mimi.
"Kavu ni isiyo na sukari, mama.
Hii hapa, kwa mfano, ina ukakasi."

Ukakasi.
Neno hilo nalijua kwa meno.
Zambarau za uani kwa jirani, Kaloleni,
tuliziokota pamoja na vumbi
hadi ulimi ukawa rangi ya wino
na mama hakuhitaji shahidi.
Kumbe nusu karne nimekuwa mjuzi
na hakuna aliyeniambia.

Nipe hiyo, nasema. Kisha nasita,

maana Zilpa anakuja, wa vijiko vinne vya sukari,
ambaye kwake divai kavu ni adhabu bila kosa.
Anakuja Ogwang', aliyesoma makala moja gazetini
na tangu siku hiyo huzungusha hata glasi ya maji.
Atanusa, atafumba macho,
atasema anapata ngozi, tumbaku, moshi wa kuni,
na moshi ni wa jiko langu.
Kwamboka ni Msabato, hanywi, wala hatuhubirii;
kwake nimechemsha choya tangu jana,
nyekundu kuliko chochote kilichomo humu dukani.

Na chakula? Masakhwe anauliza vizuri.
Aliya, namwambia, nyama ya siku nne juani,
na osuga, na mbuta mkavu kwa karanga.
Wanasema samaki na nyekundu hawaketi meza moja.
Waliosema hawakualikwa kwangu.

Ananionyesha moja ya rafu ya juu,
lebo ya dhahabu, farasi amesimama kwa miguu miwili.
Napiga hesabu: pensheni ya muuguzi, stima, dawa ya presha.
Farasi huyo anajitembeza mno.
Nyuma yake ipo nyingine, vumbi begani,
lebo yake mti tu, hauna hata jina la kujisifu.
Naichukua. Na moja laini kwa ajili ya Zilpa.

Zamani hatukuchagua.
Mabweni ya hospitali ya Russia, mwaka wa pili,
Dorsila alikuja na chupa chini ya aproni,
divai ya altare. Mjomba wake alikuwa sakristani.
Hakusema alipewa, hakusema hakupewa.
Tulikunywa kwa vikombe vya dawa,
mililita thelathini kila mmoja, asubuhi na jioni,
Dorsila akiandika dozi kwenye chati
kwa mwandiko wake wa kulala upande.

Saa kumi na moja stima inapotea.
Friji yakaa kimya kama kabati.
Nazizika chupa zote mbili hadi shingoni
kwenye mchanga wenye maji, chini ya mtungi,
alipokuwa bibi akihifadhi mayai.
Kizibuo sina. Ogwang' anakuja na parafujo na koleo,
anavuta, anaguna, anavuta,
kizibo kinatoka nusu, nusu inaogelea.

Glasi ni mbili. Vingine ni vikombe vya chai.
Na kimoja cha dawa, mistari yake imefifia,
nimekiweka pale kwenye kiti cha nne
tangu Machi hakina mwenyewe.
Namimina hadi thelathini. Hakuna anayeuliza.

Ogwang' anazungusha, ananusa.
Tunangoja ngozi, tunangoja tumbaku.
"Zambarau," anasema, na anafumbua macho.

Zilpa anakunja uso, meno yamemganda.
Ile yake laini ingali mchangani.
"Mna sukari?"
Nampa.